Pete ya mlimani na buni za Garba Tulla

Mwaka 2010, katika siku zile za Idi ya kuchinja, nilikuwa nimeketi kwenye hoteli moja ya chai hapa mjini Isiolo, pamoja na wazee watano au sita wa mtaa wetu wa Bula Pesa. Nyama ya Idi ilikuwa imekwisha tushibisha na mazungumzo yalikuwa yamepoa. Redio ya mwenye hoteli ikatangaza kwamba mjukuu wa Malkia wa Uingereza, William, amemchumbia msichana aitwaye Catherine Middleton, na kwamba uchumba huo ulifanyika papa hapa Kenya, mwezi wa Oktoba, wakati wa mapumziko yao. Tarehe ya tangazo hilo naikumbuka vizuri. Ilikuwa 16 Novemba.

Vijana waliokuwa wakicheza karata mlangoni wakapiga vifijo. Kila mmoja alidai kwamba alimwona William kwa macho yake, huyu kwenye kituo cha petroli, yule kwenye njia ya Lewa. Wazee hawakupiga vifijo. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akijulikana mji mzima kwa kuzijua nasaba za watu kuliko watu wenyewe wanavyozijua, aliweka kikombe chake chini akauliza:

"Huyo kijana, alikwenda kuomba kwa nani?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Nami, ingawa nilikuwa mwalimu na watu wakinitegemea kwa habari za dunia, sikuwa na jibu. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma magazeti kabla ya kulipata, na ilinichukua miaka minane zaidi kabla ya kuelewa kwa nini mzee yule aliuliza swali lile kwanza, kabla ya kuuliza mahari au uzuri wa msichana.

Ngoja nianze na hao wawili wenyewe, maana kisa chao ni kizuri, na sehemu yake iliyo muhimu zaidi ilitokea kwenye mlima tunaouona sisi kila alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

William na Catherine walizaliwa mwaka mmoja, 1982, yeye msichana mwezi wa Januari, mvulana mwezi wa Juni. Kwa hiyo bibi ndiye mkubwa, jambo ambalo baadhi ya wazee wetu hawakulipenda walipolisikia. Walikutana mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, ambako waliwekwa katika bweni moja na wote wawili walianza kwa kusoma historia ya sanaa. William baadaye aliacha somo hilo akaingia jiografia. Msichana mwenyewe alisimulia baadaye katika televisheni kwamba siku ya kwanza walipojulishwa, uso ulimwiva kwa haya akaondoka mbio. Hakuwa binti wa mfalme wala wa waziri. Wazazi wake walikuwa wamewahi kufanya kazi katika shirika la ndege kabla ya kuanzisha biashara yao ya kuuza vifaa vya sherehe.

Mwaka wa pili walihamia katika nyumba moja pamoja na rafiki zao. Urafiki ukakomaa humo. William alikiri kwamba alijaribu kumpendeza msichana huyo kwa kumpikia vyakula vya kifahari, lakini mara hiki kiungue, mara kile kimwagike, na mwishowe msichana mwenyewe ndiye aliyelazimika kuja kuokoa chungu. Nilipowasimulia wazee habari hii walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwana wa mfalme anapika, tena anaunguza! Mmoja akasema kwamba mtu wa namna hiyo ni lazima aoe upesi, la sivyo atakufa njaa.

Lakini hakuoa upesi. Walimaliza masomo mwaka 2005, na mwaka 2007 wakaachana kwa muda. Waandishi wa magazeti ya Uingereza walikwisha wazika kabisa. Kumbe walirudiana mwaka huo huo. Kutoka siku ya kwanza bwenini mpaka siku ya pete ilipita miaka tisa, na magazeti ya kwao yakampachika binti wa watu jina la kumcheka kwa kungoja kwake. Kwetu binti akingojeshwa hivyo, si yeye atakayechekwa. Kijana ndiye atakayeitwa na wazee aeleze ana nia gani.

Sasa tuje kwetu. William alikwisha fika Lewa mapema mwaka 2001, kabla ya kuingia chuoni, kujifunza kazi ya kuhifadhi wanyama. Mahali hapa kwa hesabu ya serikali pako upande wa Meru, lakini mji ulio karibu ni wetu wa Isiolo, na wengi wa vijana wetu wamepata ajira huko. Zamani palikuwa shamba la ng'ombe la jamaa ya Craig. Mwaka 1983 likatengwa eneo la kuwalinda vifaru, wakati majangili walipokuwa karibu kuwamaliza kabisa nchini, na tangu mwaka 1995 eneo lote limekuwa hifadhi.

Basi Oktoba 2010 William akarudi, safari hii na Catherine. Baada ya kutembea huko tambarare walipanda mpaka Rutundu, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,000. Mtu wa Isiolo akipelekwa huko bila blanketi atarudi na homa. Hakuna jumba la kifahari. Kuna vibanda vya magogo, moto wa kuni, na ziwa dogo lenye samaki wa aina ya trauti. Walivua, wala hawakupata hata samaki mmoja, na Catherine aliandika hivyo katika kitabu cha wageni, akashukuru kwa moto na mishumaa. Hapo ndipo pete ilipotolewa.

Na pete yenyewe! Ilikuwa ya yakuti ya rangi ya buluu, imezungushiwa almasi, ile ile aliyovikwa mama yake William, Diana, mwaka 1981. Diana alifariki mwaka 1997 mwanawe akiwa na umri wa miaka 15. William alisema alitaka mama yake asikose kuwamo katika furaha ya siku hiyo. Aliibeba pete ile ndani ya mkoba wake wa mgongoni kwa muda wa wiki tatu hivi, akizunguka nayo nchini mwetu, asithubutu kuuacha mkoba hata kidogo, maana alijua ikipotea atakuwa mashakani. Mimi nikifikiria barabara zetu za wakati ule, zilivyokuwa zikikung'uta mtu na mzigo wake, naona Mungu alimsitiri.

Lakini jibu la swali la mzee ni hili. William hakwenda kwanza kwa baba yake msichana. Alieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba alisitasita: amwombe baba kwanza, au binti kwanza? Kisha akafikiri kwamba baba huenda akakataa. Akaona afadhali amwulize binti kwanza, kwa kuwa binti akikwisha kubali, baba hatakuwa na njia ya kukataa. Baba aliombwa baadaye, naye akakubali.

Nilimpelekea mzee jibu hilo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ni mwerevu. Lakini amemfunga baba kamba." Halafu akauliza, "Na kwao hakuna mkubwa?"

Yupo, nikamwambia. Kulikuwako sheria ya mwaka 1772, ya wakati wa Mfalme George wa Tatu, iliyosema kwamba wazao wa ukoo ule hawawezi kuoa bila idhini ya mwenye kiti cha enzi. Kwa hiyo William, pamoja na werevu wake wote, alimhitaji bibi yake, Malkia Elizabeth, atoe kibali rasmi, na kilitolewa Februari 2011. Sheria hiyo imebadilishwa tangu hapo; siku hizi ni watu sita tu walio karibu zaidi na kiti wanaobanwa hivyo. Mzee alitingisha kichwa kwa kuridhika. Elizabeth alimjua yeye kama sisi sote tunavyomjua, kama msichana aliyekuja Kenya mwaka 1952 na kulala Treetops, karibu na Nyeri, baba yake akafariki usiku ule naye akashuka kutoka mtini akiwa malkia. "Basi walikwenda kwa bibi," alisema mzee. "Vizuri. Hata wao wana wazee."

Hayo yangeishia hapo, kama mpwa wangu asingekuwa mmoja wa wale vijana wa karata mlangoni.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni abuya wake, mjomba, na kwa Waborana abuya si mtu wa kupuuzwa. Alikua akawa dereva wa magari ya watalii, akiwapeleka Buffalo Springs na Shaba kutazama punda milia na twiga. Watalii wakisikia jina la Isiolo humwuliza habari za William na Kate, na yeye, kwa kuwa bahashishi hutoka kwenye hadithi, aliisimulia hadithi ile mara mia. Mtu akisimulia jambo mara mia huanza kuliamini kuwa ni njia ya kufuatwa.

Msichana alimpata njiani. Ilikuwa mwaka 2016, basi lilikuwa limeharibika kwenye njia ya Kulamawe, jua la saa saba, na abiria wameketi chini ya kivuli cha gari. Mpwa wangu alipita na gari tupu akasimama, akagawa maji aliyokuwa nayo. Kati ya abiria alikuwamo mwalimu mpya, binti aliyekuwa akienda kuripoti kazini huko Kinna, na sanduku lake la bati. Alikataa kunywa kabla mama mmoja mzee aliyekuwa karibu naye hajanywa. Mpwa wangu anasema ni hapo tu, hakungoja zaidi. Aliwachukua wote wawili, mama mzee na mwalimu, mpaka walikokuwa wakienda, na kwa safari nzima binti alisema maneno matatu tu: ahsante, hapana, na hapa.

Namba ya simu aliipata kwa mama mzee. Sitaki kueleza mengi kuhusu miaka miwili iliyofuata, kwa sababu ni ya simu tu, na mapenzi ya simu hayana cha kuandikwa. Mtandao ukiwapo wanaongea, ukikatika wananuniana. Lakini alikuwa akimtumia vitabu vya wanafunzi wake kwa mabasi, na binti alikuwa akimrudishia maziwa ya ngamia kwenye mtungi. Dada yangu aliona mitungi inaongezeka jikoni akanyamaza, kama mama yeyote mwenye akili.

Mwaka 2018, wakati wa likizo za shule, mpwa wangu alimchukua binti pamoja na dada yake mdogo mpaka ukingoni mwa mto Ewaso Nyiro, mahali ambapo watalii hupiga picha. Pete alikuwa ameinunua Nairobi, na alikwisha kaa nayo mfukoni mwezi mzima, akiihesabu kila jioni kama mtu ahesabuvyo mbuzi. Akaitoa. Binti akakubali. Dada mdogo akapiga picha kwa simu, na kabla ya magharibi picha ile ilikuwa imefika Isiolo, Garba Tulla, Merti, na nadhani hata Moyale.

Dada yangu alinipigia simu usiku. Nilimwita kijana asubuhi.

"Umekwenda kuomba kwa nani?" nikamwuliza. Nilijisikia mwenyewe nikisema kwa sauti ya yule mzee.

"Abuya, nimemwuliza yeye. Amekubali. Sasa ninyi wazee mtakwenda kwa baba yake, hatakuwa na la kusema."

"Huyo ni William. Wewe ni nani? Binti ni wa gosa gani?"

Gosa ni ukoo. Kijana aliangalia chini. Hakujua. Alichokijua ni kwamba huko Kinna binti alikuwa akikaa katika nyumba ya babu mmoja, na babu huyo watu humwita mtu wa Digalu.

Niliposikia neno Digalu, chai ilinishinda.

Inanipasa nieleze, kwa ajili ya msomaji asiyetufahamu. Waborana wote wamegawanyika katika nusu mbili, Sabo na Gona, na kila ukoo una upande wake. Mtu hurithi upande wa baba yake. Wa Sabo huoa kwa Gona, na wa Gona huoa kwa Sabo. Walio wa nusu moja ni kaka na dada, hata kama mmoja amezaliwa Isiolo na mwingine ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, na hawajapata kuonana. Mpwa wangu baba yake alikuwa Karayu, na Karayu ni Sabo. Digalu nao ni Sabo.

Wako watakaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Wengi wetu hapa Isiolo ni Waislamu, na sheria ya dini haitambui Sabo wala Gona. Shehe angewafungisha nikahi bila swali. Na ni kweli vijana wa mjini hawaishiki mila hiyo kwa nguvu kama zamani. Lakini nenda ukaketi na baba wa msichana chini ya mti huko Garba Tulla, umwambie kwamba kaka amemvika dada yake pete, na picha imekwisha zunguka wilaya nzima. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kumwambia hivyo.

Nilimkasirikia sana kijana. Baadaye nikajiuliza, angejuaje? Baba yake alifariki akiwa yeye bado mdogo, na huyo baba mwenyewe alikulia mjini bila ndugu. Alikuwa mtoto wa Daba. Ndivyo tunavyokiita kipindi kile cha vita vya Shifta, baada ya mwaka 1963, watu walipozuiliwa mahali pamoja, Garba Tulla, Merti na Modogashe, wasiweze kuhama na mifugo kutafuta malisho. Mifugo ilikufa kwa maelfu, mingine ikapigwa risasi. Mtu aliyekuwa na zizi alitoka humo na fimbo. Watoto wakakimbilia mjini, wakalelewa na yeyote aliyewapa chakula. Kilichopotea si ng'ombe peke yake. Zilipotea na jioni za kumketisha mtoto karibu na moto na kumhesabia babu zake mmoja mmoja. Mpwa wangu aliweza kutaja baba na babu, basi. Zaidi ya hapo alikuwa akijua majina ya watoto wa William.

Nikamwambia ampigie simu binti amwulize waziwazi. Alikataa. Alinijibu neno ambalo sikuweza kulipinga: "Abuya, nikikwisha mvika mtu pete, nitamwulizaje sasa yeye ni nani?"

Kwa hiyo nikaenda kumtafuta yule mzee wa nasaba. Nyumbani kwake niliambiwa amekwenda kutazama ngamia wa mwanawe, atarudi baada ya siku tatu. Siku hizo tatu sitazisahau. Dada yangu alikuwa haji kwangu na mimi siendi kwake. Kijana aliendelea kuwapeleka watalii, na mwenzake wa kazini aliniambia kwamba siku hizo wageni wakiuliza habari za William hujibu kwamba hajui. Usiku nilikuwa nikifikiri: kama ni Digalu, mtu mmoja atavua pete ile, na haitakuwa jambo la siri. Kuna na sheria ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema ahadi ya kuoana haimlazimishi mtu kuoa, ila aliyepata hasara kwa kuvunjiwa ahadi aweza kudai fidia. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo. Haikunisaidia kulala. Hakuna mahakama inayoweza kukadiria fidia ya picha iliyofika Moyale.

Siku ya nne mzee akarudi. Nilimkuta akinawa miguu. Nikamweleza yote, pete, mto, Digalu wa Kinna. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kunawa, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu anayetembea gizani katika nyumba aliyoizoea.

"Digalu wa Kinna," alisema, "hana mtoto wa kiume aliyeoa. Ana mabinti. Binti yake mkubwa ameolewa Garba Tulla, kwa Wara Jida. Huyo mwalimu anakaa kwa babu mzaa mama, karibu na kazi yake. Si Digalu. Ni Wara Jida. Ni Gona." Kisha akaniangalia. "Na wewe ni wa gosa gani?"

Mimi ni Wara Jida.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope ya maji yake ya miguu. Ndivyo hesabu yetu inavyokwenda, nami nilikuwa nimeisahau kwa hofu: kama dada yangu wa Gona aliolewa na mtu wa Sabo, basi mwanawe ni Sabo, na mchumba wake ni lazima atoke Gona, upande wangu mimi. Yule binti niliyekuwa nikimwogopa kwa siku tatu alikuwa mtoto wa ukoo wangu. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Huwezi kwenda kumwombea kijana," alisema. "Wewe ni baba wa msichana. Tafuteni Karayu aende kusema."

Karayu tulimpata, mtu wa makamo mwenye duka la nafaka hapa mjini, naye alikubali kwa sharti kwamba asiulizwe habari za pete. Tulikwenda watu wanne katika gari la mpwa wangu, ila mwenyewe hakuja, si heshima. Tulibeba buni, tumbaku, sukari, majani ya chai, na shuka la mama. Njia ya Kulamawe ilikuwa vumbi tupu.

Baba wa msichana alitupokea kwa nagaa nyingi, akauliza habari za mvua, za malisho, za bei ya mbuzi katika soko la Isiolo, kana kwamba picha ile haikumfikia. Ilikuwa imemfikia. Yule Karayu akasema maneno yake, kwa mafumbo, kwamba tumepotelewa na ndama na nyayo zake zimeishia katika boma hili. Mzee akajibu kwamba ataulizia. Tukalala. Kesho yake Karayu akasema tena, akajibiwa vile vile. Mimi niliketi katikati, siko huku siko kule, nikipewa chai na pande zote mbili.

Jioni ya siku ya pili mama wa msichana aliingiza buni zetu ndani. Hapo tukajua. Kwetu buni hazisagwi kwa shughuli kama hiyo. Hukaangwa nzima nzima katika samli, zikapasuka kwa mlio, na jina la jambo lenyewe linatokana na neno la kuchinja, maana ni kama sadaka isiyo na damu. Harufu ile ilipotoka mlangoni, Karayu alivua kofia akajipangusa jasho. Zililetwa zikiwa na samli na maziwa, tukazitafuna, tukajipaka samli mikononi na usoni, wazee wakaomba dua. Mahari yalisemwa kwa muda mfupi kuliko bei ya mbuzi ilivyosemwa jana yake. Ng'ombe wachache, kwa kuwa hata mwenye kuomba na mwenye kutoa wanajua nani ana nini tangu Daba.

Ndipo baba akamwita binti yake. Alikuja amefunika kichwa, akasimama mlangoni. Baba akamwambia anyoshe mkono. Sote tukaiona pete.

"Hii," alisema baba, akiniuliza mimi wala si Karayu, "imekuja kabla ya buni au baada ya buni?"

Nilikuwa baba wa msichana na mjomba wa mvulana, na nilikuwa na samli usoni. Nikasema kweli. "Kabla, ndugu yangu."

Alifikiri. Karayu alikuwa akitazama juu ya paa. Kisha yule baba akamwambia binti aivue ampe mama yake, na mama akaitia ndani ya kile chombo cha buni, juu ya zile zilizobaki, akafunika. Ingekaa humo, baba alisema, mpaka siku ya nikahi, na siku hiyo itatoka ikiwa imechelewa vya kutosha.

Mpwa wangu alikuwa akitungoja kituo cha mabasi tuliporudi Isiolo usiku. Hakuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza kama binti bado ameivaa. Nilimwambia iko katika buni. Alitaka kukasirika, halafu akauliza kama yeye, binti, alilia alipoivua. Nikamwambia hapana, alikuwa akijizuia kucheka, na kwamba alipopita karibu nami kurudi ndani aliniita abba, nami nikaitika.

Nikahi ilifungwa mwaka 2019. Yule mzee wa nasaba aliwahi kuiona. Alifariki miaka miwili baadaye. Pete ilitoka na harufu ya samli ambayo, naambiwa, haijaisha mpaka leo.